Fahali Aliyemfuata Njeru

Mama Ireri, mke wangu,

Kwanza nakusalimu, na pili nakusalimu tena, kwa sababu hiyo ya kwanza nimeiandika nikiwa nimekasirika. Hujambo? Watoto hawajambo? Mama amepona mguu, ama bado anatembea akishika ukuta? Na mvua imefika huko Kiambere, au mawingu yanapita tu yakienda kwa wenye bahati? Huku Meru kunanyesha mpaka nguo hazikauki. Mimi ni mzima. Kikohozi kimeniacha, ugali wa kambi haujanimaliza, na viatu vipya tulivyopewa vinaniuma vidole, lakini hayo si ya kukuandikia.

Barua yako ilinifikia Jumatatu. Niliisoma nikiwa kazini, nikaisoma tena nikila. Nilifurahi kusikia kwamba mtama umesimama vizuri na kwamba Ireri amekuwa wa tatu darasani. Halafu nikafika pale kwa fahali. Mama Ireri, mambo hayo umeyaandika kwa furaha kabisa, kama mtu anayesimulia harusi. Ati fahali wetu alivunja ua akatoka mpaka barabara ya bwawa, malori ya simiti yakasimama, watu wakapiga kelele, halafu Njeru akashuka kwenye lori lake la maji, akapiga mluzi, na fahali akamfuata mpaka nyumbani bila kamba. Bila kamba! Ukaongeza, "Huyu Njeru ana mkono mzuri na mifugo." Ukampa chai. Naye akanywa.

Sasa nikuulize. Fahali niliyemnunua mimi, nikamleta kwa miguu kutoka soko la Ishiara, fahali ambaye nikija likizo ananiinamishia pembe mimi mwenyewe, mluzi wa Njeru ameujulia wapi? Mimi ni askari, kazi yangu ni kuuliza. Ng'ombe hamfuati mtu kwa sababu ana lori zuri. Humfuata mtu aliyezoea kumwona, mtu wa kumwekea chumvi, mtu wa kumkuna shingoni. Kwa hivyo Njeru amekuwa akija. Anakuja saa ngapi? Anamjia nani? Na hiyo chai ilikuwa na maziwa?

Najua unacheka. Cheka tu. Njeru ana kazi ya bwawa, analala kwao kila siku, mashamba mawili kutoka kwetu, na jioni anapita akisalimia kila mtu. Mimi nina filimbi na kofia. Nasimama hapa Makutano tangu asubuhi, napumua moshi wa magari, nikifukuza ng'ombe wa watu barabarani, na ng'ombe wangu anarudishwa nyumbani na mwanaume mwingine. Naona wivu, Mama Ireri. Nauandika hapa waziwazi ili usije ukadhani ni malaria.

Tena hiyo kazi hakuifanya sawasawa, hata kama mlimpigia makofi. Ng'ombe akitoka barabarani, jambo la kwanza si ng'ombe, ni magari. Unayasimamisha pande zote mbili, mbali kabisa, mpaka mnyama asisikie injini. Unanyamazisha honi. Unaondoa watu, hasa wale wanaosema wanasaidia. Halafu unamwachia njia moja tu, yenye majani, na wewe unatembea nyuma yake polepole kama mtu aliyewahi kanisani. Hukimbii. Hurushi jiwe. Akishaingia mahali penye ua ndipo unaanza kuuliza mwenyewe ni nani, kwa nini ua wake ni mbovu, na kama anastahili kushtakiwa au kuonywa. Lakini Njeru alimtembeza fahali katikati ya barabara na malori yakimfuata nyuma kama maandamano, wewe mwenyewe umeandika. Angegongwa je? Kituo cha polisi kiko hapo karibu na bwawa. Si mngewaita wenye kazi yao?

Nilitaka kuishia hapo nitie barua kwenye bahasha. Ingekufikia ikiwa na moto wake wote. Lakini juzi hapa kazini kumetokea jambo ambalo limeniharibia hasira yangu, na sina mwingine wa kumwambia.

Ilikuwa siku ya soko. Pikapu moja ilipunguza mwendo hapo kwenye kona, na mtamba mwekundu, ng'ombe ambaye bado hajazaa, akaruka kutoka nyuma, akaanguka kwa magoti, akainuka. Pikapu ikaendelea na safari, waliokaa mbele hawakujua kitu. Wee! Makanga wakaanza kupiga mabati ya magari, mmoja akamrushia mtamba chupa, mama anayeuza nyanya akaikumbatia meza yake. Ng'ombe akawa anazunguka katikati ya barabara, macho yamemtoka. Sajini wetu, mtu mnene mwenye roho ya haraka, akaja mbio akasema, "Nyaga, leta bunduki tummalize kabla hajaua mtu."

Nikamwambia, "Afande, nipe nafasi kidogo. Tukimkosa, risasi inaenda kwa mama wa nyanya."

"Akiua mtu ni juu yako."

"Sawa, ni juu yangu."

Nikamwomba dereva wa lori la viazi alikingamishe kule juu. Nikamtuma konstebo mwenzangu afunge upande wa chini. Makanga nikawaambia wakae chini, kila mmoja, atakayesimama atalala kituoni. Wakakaa, huku wananitukana kwa sauti ndogo. Honi zikanyamaza. Nikafungua geti la uwanja wa shule ulio pale kando, nikazunguka nyuma ya yule mtamba, nikaanza kutembea bila kumtazama usoni. Akapumua. Akanusa majani. Akaingia mwenyewe. Baada ya hapo tulimfunga kamba tukamfikisha uani mwa kituo, na hata sajini alinipiga bega. Nilitamani ungekuwepo uone. Kusema kweli, nilitamani Njeru aone.

Mchana akaja kaunta mwanaume mmoja wa Mitunguu aliyekuwa sokoni na ndizi zake, jina lake Muriungi, suruali ameikunja mpaka magotini. Akauliza kama tuna mtamba mwekundu, sikio la kushoto limekatwa ncha, doa jeupe chini ya koo. Nikaenda nikatazama. Vyote sawa. Kabla sijamaliza kuandika, akaja mwingine kwa pikapu, amevaa koti, viatu vinang'aa, akasema mtamba ni wake, alikuwa anampeleka kwa wakwe. Nikamwuliza, sikio gani limekatwa? Akafikiri, akasema la kulia. Doa lake liko wapi? Akasema, "Ng'ombe ni mwekundu! Mimi nataka ng'ombe wangu." Anafanya kazi Nairobi, ati alimnunua akiwa ndama akamwacha kwa jirani amtunze, vile watu wa kwetu pia huwekeana mifugo. Nikasema moyoni, leo nimeshika mwizi na koti lake.

Hapa kituoni tuna desturi ambayo haiko kwenye kitabu chochote cha serikali. Watu wawili wakidai mnyama mmoja, tunamfungulia uani, wao wanasimama huku na huku, na sisi tunaangalia atamwendea nani. Nimetumia njia hiyo kwa mbuzi na kwa punda, na haijawahi kunidanganya. Basi tukamfungulia mtamba. Yule wa Nairobi akapiga makofi, akaita, akatoa sauti ya kuita mbwa. Mtamba hata hakugeuka. Alienda moja kwa moja kwa Muriungi akaanza kumlamba mkono. Sajini alicheka mpaka kofia ikaanguka. Mimi nikamwelekeza mwenye koti kwenye benchi, nikafungua kitabu nimwandike kwa kudai mali ya watu.

Muriungi akaja mbio. "Afande, unafanya nini? Ng'ombe ni wake."

"Si wewe umekuja kumdai?"

"Mimi sikumdai. Nilisikia sokoni kuna mtamba anarushiwa chupa, nikajua ni yule wetu, nikaacha ndizi nikaja kumtazama. Mimi ndiye jirani."

Nilifunga kitabu. Nikamwomba yule wa Nairobi msamaha, naye hata hakunisikia. Alikuwa amesimama pale akimtazama ng'ombe wake mwenyewe akilamba mkono wa mtu mwingine. Mama Ireri, uso ule naujua. Ndio niliouvaa Jumatatu nikisoma barua yako.

Akamwuliza Muriungi kwa ukali, "Umemfanyia nini huyu mnyama?"

Muriungi akasema, "Sikumfanyia kitu. Nilikuwa hapo tu."

Hakusema kwa dharau. Alisema vile mtu anavyosema kwamba mvua imenyesha. Wakajaribu kumpandisha mtamba kwenye pikapu, akakataa katakata, mpaka Muriungi akapanda yeye kwanza. Wakaondoka hivyo kwenda kwa wakwe, mwenye mali mbele na dereva, na Muriungi nyuma na matope yake, ameshika shingo ya ng'ombe. Ndizi zake sijui ziliishia wapi.

Nimefikiria mambo hayo tangu juzi, na nitakwambia linaloniudhi zaidi. Kama Muriungi angekuwa mwizi, ningelala vizuri. Kumbe ni mtu mwema. Na Njeru pia najua ni mtu mwema. Yeye ndiye aliyempeleka mama hospitali siku ile alipoteleza, na wewe ulikaa muda kabla ya kuniambia, kwa sababu ulijua nitauliza alimbeba vipi, alikaa mpaka saa ngapi, na nani alimshukuru. Ningepata kosa lake moja tu ningelishika kwa mikono miwili. Nimetafuta usiku na mchana sijaliona. Anakuja kwa sababu ua umeanguka na mwenye ua hayuko. Hilo nalijua, na bado linaniuma papa hapa kifuani. Simwonei wivu kwa lori lake. Namwonea wivu kwa sababu jioni anapita hapo.

Fahali basi namwachia Mungu, simdai tena. Lakini kuna hili. Krismasi iliyopita nilipomwinua Wanja wetu mdogo, alilia mpaka ukaja ukamchukua mikononi mwangu. Ukaniambia ameogopa kofia. Mama Ireri, sikuwa nimevaa kofia.

Nilinyamaza siku hiyo, na wewe ukanyamaza, tukala nyama ya mbuzi kama watu wasio na shida. Sasa nasema. Mkuu wa kituo ameniita baada ya ile kazi ya Makutano, akaniambia jina langu liko kati ya wale wanaopelekwa kozi ya ukoplo, kule chuoni, na anayekwenda huko hapati likizo mpaka amalize. Nimemwambia apeleke mwingine. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyepigwa na jua. Badala yake nimeomba likizo, na kuandikia wakubwa wanihamishie upande wa Embu, karibu na nyumbani, hata kama ni kulinda geti la bwawa. Likizo imekubaliwa, nakuja mwisho wa mwezi. Uhamisho bado wanaufikiria, na wanaweza kukataa. Usinikaripie kuhusu ukoplo, nimeshajikaripia mwenyewe ya kutosha.

Ninachotaka kwako ni jibu la swali moja, na unijibu kabla sijapanda gari. Usinijibu kuhusu fahali, usinijibu kuhusu Njeru. Niambie kama mmeshazoea kukaa bila mimi. Usinifariji. Kama mmezoea, andika kwamba mmezoea, na mimi nitakuja vivyo hivyo, nianze kama mgeni.

Msalimie mama yangu, umwambie asipande ghalani na mguu huo, mtama utashushwa na wenye miguu mizima. Msalimie baba yako, mkwe wangu mpenzi, ambaye alisema tangu mwanzo kwamba askari si mtu wa kuolewa naye, umwambie bado namheshimu. Msalimie dada yangu Runji anayekuja kupalilia na wewe, na mwalimu wa Ireri, na Ireri mwenyewe umwambie wa tatu ni vizuri ila wa pili pia kuna nafasi. Wanja usimwambie kwamba nakuja. Mwache anione kwanza.

Njeru naye msalimie. Mwambie nimesema asante. Akikuuliza nimeisema kwa sauti gani, mwambie barua haina sauti.

Ni mimi mume wako, baba Ireri, na baba Wanja pia,

Nyaga