Televisheni Iliyopona Wiki Iliyopita

Mama Pacha,

Natumai wewe na pacha hamjambo huko kwa wazazi wako. Mimi nipo, natengeneza televisheni za watu kama kawaida. Nikishamaliza moja naiacha iwake mchana kutwa niipime, basi naangalia tamthilia. Shida ni kwamba mwenyewe akija kuichukua, mimi nabaki sijui mwisho.

Ile ya daktari sikuipenda. Daktari gani analia kuliko wagonjwa? Ile ya matajiri nayo ni umbea mtupu: kila siri inasikiwa na mtu aliyejificha nyuma ya pazia. Kwani nyumba nzima ile hakuna anayekohoa?

Sasa kuna ya seremala. Mkewe aliondoka kwa sababu kila akimweleza jambo, mume anajibu "sawa" na kuendelea kupiga randa. Hapo niliweka chuma cha kulehemu chini, nikakaa kitako. Jana mke karudi na sanduku lake, kasimama mlangoni, hajabisha hodi. Wakakatia hapo hapo!

Mwenye televisheni kaja mara mbili. Nimemwambia nasubiri kifaa. Uongo, ilipona tangu wiki iliyopita.

Ninachojiuliza ni hiki: yule mama anataka kusikia nini kutoka ndani ndipo abishe? Na wewe, siku ile nilipokujibu "sawa", ulikuwa umeniambia nini? Niandikie yote upya. Safari hii nitasikiliza mpaka mwisho.

Mumeo,
Baba Pacha