Ngoma Zimewekwa Nyuma

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai goti lako limepata nafuu, na mama bado anawagombeza wote kwa zamu, maana siku akinyamaza ndipo tuogope. Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenihama.

Wageni wamefika na meli yao ya kivita. Asubuhi wanamaji wao na wetu tunapaka rangi zahanati, mchana bendi zetu mbili zinafanya mazoezi kama bendi moja. Ni wacheshi. Mpiga tromboni wao amenifundisha kutukana kwa lugha yao, nami nimemfundisha kuomba radhi kwa yetu.

Jumatatu daktari wao alifungua chumba cha kupimia masikio, nilichokipaka rangi mwenyewe. Akaomba mwanabendi mmoja apimwe mbele ya watoto ili wasiogope. Wenzangu wakanisukuma mimi. Nilisema nina rangi mbichi mikononi, nikatoka mbio, nikajificha nyuma ya tangi la maji. Watoto walicheka, wakidhani naogopa sindano.

Jana mkuu wa bendi akatangaza kwamba Jumamosi, kwenye tamasha la kufungua zahanati, tutajipanga kama wageni: tarumbeta mbele, ngoma nyuma. Zetu miaka yote hukaa ubavuni. Wimbo wa kwanza naanza mimi peke yangu kwa tarumbeta, baada ya mapigo manane ya ngoma. Na kwa desturi yao, wakati huo kiongozi hapungi fimbo. Amesimama wima, anapigia bendera saluti. Wenzangu waliitikia. Mimi niligeuka kumtazama mpiga ngoma wetu.

Dada, mficha maradhi kifo humuumbua. Tangu mizinga ya gwaride la mwaka jana masikio yangu yanafifia, na sasa ngoma siisikii kabisa. Nimekuwa nikipiga kwa kuangalia mikono ya mpiga ngoma. Wakijua, nitavuliwa sare, na zaidi ya tarumbeta sijui kazi. Naogopa, dada. Naogopa hata kuja nyumbani, nikute mama anasema nami nisimsikie.

Njoo Jumamosi. Kaa mstari wa mbele, vaa ile blauzi nyekundu. Ngoma zikianza, pigapiga goti lako zima kwa kiganja, kama ulivyonifundisha utotoni kwa beseni. Nitahesabu mkononi mwako. Wimbo ukiisha, nishike unipeleke kwa yule daktari, maana peke yangu nitakimbia tena.

Msalimie mama, ila barua hii usimsomee.

Ni mimi mdogo wako, uliyenibatiza Kelele.