Mgonjwa Asiambiwe

20 Februari

Kwako mwanangu Kifungo,

Hujambo? Mume wako hajambo? Na wanafunzi wako mia sita nao wazima? Maana nakujua, mmoja akiumwa tumbo unaumwa wewe. Mimi huku mzima, ila bega la kulia linanisumbua. Vidonge ulivyoniachia navimeza kama ulivyoagiza, asubuhi na jioni.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza tu kuuliza, mara kengele imelia, mara kuna mwalimu mlangoni. Kwenye barua huwezi kunikatiza, kwa hiyo nisikilize. Siku ile hospitali, majibu ya kile kipande walichonikata titini yalipotoka, daktari alikuita wewe ndani, mimi nikabaki kwenye benchi na mkoba wako mapajani. Ulikaa humo muda wa kushona shati zima na kola yake. Ulipotoka ukasema, "Uvimbe tu mama, twende." Macho yalikuwa mekundu, ukasingizia vumbi.

Sasa niambie, daktari alisema nini hasa? Mimi ndiye niliyeugundua huo uvimbe, usisahau. Nilikuwa najishonea gauni la bluu, upande wa kushoto umekaa sawa, wa kulia unavuta. Nikafumua, nikashona tena, ukavuta tena. Miaka arobaini na tano napima vifua vya watu, nikajua kosa si la kitambaa.

Nijibu upesi.

Mama yako

4 Machi

Shikamoo mama,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Sisi wazima wote, mkwe wako anakusalimu sana. Nina miaka hamsini, nywele zimeanza kuota mvi, na bado unaniita Kifungo kwa sababu nilimeza kifungo kimoja nikiwa mtoto!

Mama, nawe kwa maswali! Daktari alisema ni uvimbe wa uzeeni, wanawake wengi wa umri wako wanao, wala haukui haraka. Dawa ndizo hizo ulizonazo, za maumivu na za kuongeza nguvu, na kubwa zaidi ni kupumzika. Una miaka sabini na sita. Punguza kazi dukani, kula vizuri, usiwaze sana. Mengine niachie mimi.

Nakupenda.

Mwanao, Kifungo

2 Aprili

Mwanangu,

Habari za huko? Hapa salama. Mimi ni mzima kwa mdomo, mwili una habari zake.

Huo uvimbe usiokua haraka umekua. Februari ulikuwa kama punje ya harage, leo unajaza kiganja, na ngozi ya juu imekunjamana kama nailoni iliyopitiwa na pasi ya moto. Kwapani vimeota vinundu vingine viwili. Mkono wa kulia umevimba hata mkasi haunikai vidoleni.

Aliyeniona ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, Fundi Suruali, ambaye unajua hatusalimiani vizuri tangu aninyang'anye oda ya sare za walinzi. Alivuka barabara mchana kweupe, akasimama mlangoni, akaniuliza, "Mama, mbona siku hizi unakata kwa mkono wa kushoto, tena vibaya kuliko mimi?" Nilitaka kumtukana. Badala yake nikaangua kilio, mbele ya mtu ninayemnunia miaka ishirini! Akavuta kiti, akaniuliza naumwa nini. Nikagundua sijui. Nimekatwa nyama, nimepigwa picha, nanywa dawa, na sijui naumwa nini.

Siku ya kliniki ni tarehe ishirini na nane. Fundi atanisindikiza. Wewe usijisumbue na safari.

Mama yako

10 Aprili

Shikamoo mama,

Pole sana na huo mkono. Barua yako imenitia wasiwasi, nimeisoma mara tatu.

Tafadhali usiende. Foleni ni ndefu, utachoka bure, na ukikutana na daktari mwingine atakuchanganya tu. Likizo inaanza mwezi wa sita, nitakuja nikupeleke mwenyewe, tumwone yule yule anayejua mambo yako. Na tangu lini habari za ndani anapewa Fundi Suruali? Leo mnanuniana, kesho anashika faili lako?

Nisubiri, mama. Nakuomba kama unanipenda.

Mwanao, Kifungo

30 Aprili

Mwalimu Mkuu,

Leo sikuulizi hali.

Nimekwenda. Daktari ni binti mdogo, mpole wa sauti. Alifungua faili langu, akasoma, akanishika mkono akasema, "Mama, nakupongeza kwa ujasiri wako. Si kila mtu anaweza kuamua kukaa bila matibabu." Nikamwuliza, "Nani ameamua?" Akaligeuza faili taratibu mpaka likanielekea. Fundi alinyanyuka atoke kwa heshima, nikamvuta shati akae.

Nimenakili maneno yaliyomo ili uyasome kwa mwandiko wangu: "Saratani ya titi la kulia, aina inayokwenda kasi. Familia imeelezwa kuhusu upasuaji na dawa za dripu. Familia imeamua mgonjwa asitibiwe kwa sababu ya umri. Mgonjwa asiambiwe." Chini kuna sahihi yako, ile yenye mkia mrefu unayoweka kwenye ripoti za watoto wa watu.

Familia! Familia ipi? Baba yako amekufa, na nimezaa mmoja tu. Familia ni mimi na wewe, na mimi nilikuwa nje nimepakata mkoba wako.

Nikamwuliza yule binti, Februari hali ilikuwaje, na leo ikoje? Hakunificha. Februari ulikuwa titini na kwapani tu. Wangenikata, wangenipa dripu. Hakuna anayeahidi kitu, lakini nafasi ya kupona ilikuwepo. Leo picha inaonyesha madoa mapafuni. Leo dawa inaweza kuupunguza mwendo, kuumaliza haiwezi.

Miezi miwili na zaidi nimemeza vitamini kwa utiifu kama mjinga. Ulinichagulia kufa, halafu ukaniandikia nile vizuri. Umezoea kusema watu wakanyamaza, umezoea kupanga nani aingie darasani na nani abaki uwanjani. Mimi si mwanafunzi wako. Mimi nimekuzaa.

Mama yako, ambaye bado yu hai

6 Mei

Shikamoo mama,

Najua huitaki, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Ni kweli, nilisaini. Daktari alipokuwa ananieleza nilikuwa simwoni mama yangu, namwona mama mkwe. Wewe ulikuja mazishini, ukaona jeneza na maua. Mimi nilikuwa naye chooni. Dripu tano, mama. Niliokota nywele zake kwenye mto, nilifuta matapishi, ulimi ukajaa vidonda hata maji yakawa adhabu. Alikuwa na miaka sabini na moja. Siku ya mwisho aliniita kwa jina la mtu mwingine. Nikaapa mama yangu hatapita njia ile. Nikasema, akibaki na cherehani yake na wateja wake, hajui lolote, atapata mwaka mmoja mzuri. Nilitaka kukupa huo mwaka.

Na kuna lingine, la aibu. Nilijua nikikuambia utaniuliza maswali, na sikuwa na nguvu ya kuyajibu. Nilikuficha wewe ili nijifiche mimi.

Nimeomba ruhusa kazini nije. Lakini kwanza nijibu jambo moja, maana silali: ningekuuliza siku ile, ungesemaje? Ungekataa, sivyo?

Mwanao

25 Mei

Mwanangu,

Nimekaa na barua yako zaidi ya wiki mbili. Pole kwa uliyoyapitia na mama mkwe wako. Sikujua uliyabeba peke yako, na ilinipasa nikuulize wakati ule. Hapo kosa ni langu.

Sasa swali lako. Ningekubali.

Unataka niseme ningekataa, upate usingizi. Siwezi. Ningelia siku moja, labda mbili, kisha ningesema kateni. Titi lenyewe lilikunyonyesha wewe, kazi yake imekwisha, wachukue. Nywele zitoke, mimi bibi harusi? Ningetapika, ningekulaani wewe na daktari wako, na siku ya dripu nyingine mngenikuta nimeshavaa viatu. Kwa sababu napenda kuishi, Kifungo. Hilo hukulifikiria hata kidogo. Mnadhani mtu wa miaka sabini na sita amekaa tu anangoja kuitwa. Napenda chai yangu ya asubuhi. Napenda kukata kitambaa kipya. Napenda kugombana na Fundi kuhusu zipu. Ni mambo madogo, na nilikuwa nayataka yote.

Dripu ya kwanza nimepata wiki iliyopita. Nimetapika siku tatu, wakanilaza wodini. Najua haiponyi, naitaka hivyo hivyo. Kwenye fomu waliuliza ndugu wa karibu ni nani, yule wa kuitwa na kuelezwa. Nikamtaja Fundi Suruali. Karani akasema, "Huyu ni ndugu yako?" Nikamwambia, "Hapana, lakini ataniambia."

Usije. Si kwamba sikupendi. Ungekuwa mtu baki ningeshakusahau, ningeokoa nguvu zangu. Lakini ukikaa kando ya kitanda ukasema leo naonekana vizuri, nitaanza kukuchunguza usoni, na kazi hiyo siiwezi sasa.

Mama yako

14 Juni

Shikamoo mama,

Ulinikataza, nikaja. Muuguzi wa wodi aliangalia orodha, akasema jina langu halimo, hawezi kunieleza uko kitanda gani wala unaendeleaje. Nikamwambia mimi ni mtoto wake wa pekee. Akasema, "Pole, dada," akamwita anayefuata. Nikaenda dukani kwa Fundi. Alinipa kiti, akanipa chai, na hakunipa neno hata moja. Ameahidi, anasema. Mama, mtu wa suruali anajua damu yako ikoje, mimi sijui!

Niandikie. Wapi panauma, unakula nini, picha inasema nini. Nieleze kila kitu, usinihurumie. Nitastahimili.

Mwanao, Kifungo

22 Julai

Mwanangu Kifungo,

Hujambo? Mkwe wangu je? Kwangu "sijambo" si neno la leo.

Mwandiko huu ni wa Fundi. Mimi nasema, yeye anaandika, na ameshanibishia mara mbili. Wiki zote hizi sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na kwa sababu nilikuwa naumwa, na siku nyingine sikujua ni ipi kati ya hizo.

Umeomba kila kitu, haya. Dripu tatu hazikusaidia. Madoa ya mapafuni yameongezeka, na kwenye ini nako yameonekana. Kwenda chooni na kurudi nahema. Nakula uji vijiko vitano, naurudisha vitatu. Yule binti daktari alikaa kitandani kwangu, akaniuliza tujaribu dawa nyingine kali zaidi, au wanipe za maumivu tu nirudi nyumbani. Nilifikiri siku mbili. Nimesema basi, nirudi nyumbani. Nimesaini mwenyewe, sahihi imepinda lakini inasomeka.

Usije ukajifariji kwamba ni lile lile ulilosema wewe. Wewe ulikataa nafasi ikiwepo, mimi nimekataa imeshakwisha.

Daktari anasema ni wiki, si miezi. Sijakusamehe, mwanangu, na sitakudanganya ili ujisikie nafuu. Nilihitaji mwaka mzima wa kukukasirikia, na mwingine wa kupoa. Hiyo miaka hukuniachia. Njoo hivyo hivyo, na uje mapema.

Mama yako