Matanga Bila Uwanja

Jumatatu, 6 Machi 2017

Wajenzi wameondoka. Uwanja wa nyumba yetu hapa Bukoto, Kampala, umekwisha kufunikwa. Udongo mwekundu wote umelala chini ya matofali ya sementi, juu yake mistari myeupe, na kila nafasi ya gari ina namba yake. Wapangaji wenye magari ni watatu.

Bomba la nje limekatwa. Kila mtu sasa ana maji yake ndani na mlango wake ameufunga. Kamba za nguo zimepelekwa juu ya paa. Na ule ukingo wa ukuta tuliokuwa tunakalia jioni umepandwa mawe yenye ncha. Hakuna kibao kinachosema usikae. Hakihitajiki — matako yanasoma yenyewe.

Nilifundisha jiografia Bukavu mpaka vita viliponitoa. Nilikuwa nawaeleza watoto jinsi mto unavyochagua mahali pa mji. Sikuwahi kuwaeleza jinsi mji unavyochagua mahali pa mtu: hapa pita, hapa simama, hapa usikawie. Hutoa amri bila sauti, na anayetii hudhani amejiamulia.

Jioni nimekaa dirishani kutazama watu wakirudi kazini. Uwanja mtupu kabisa, hakuna hata gari moja. Lakini kila aliyeingia amepita kando ya ukuta, kana kwamba katikati kuna kitu. Kisha nikashuka kununua mkate — na mimi nimepita kando ya ukuta. Nimelizunguka gari ambalo halipo. Nimeudhika njia nzima mpaka dukani.

Binti yangu Annick anasema, Papa, si ni safi? Viatu havichafuki. Ni kweli, havichafuki. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumatano, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Mwaka jana siku hii walikuwa uwanjani tangu asubuhi, wanatwanga sombe, majani yetu ya muhogo, na kusutana. Leo kila mmoja na televisheni yake.

Mama yake Emérence amefariki Bukavu. Simu ilimfikia asubuhi. Sisi tumejua jioni, tena kwa bahati: Annick amekutana naye kwenye ngazi, akamwuliza hali, akajibiwa, "Mama alikufa," kama mtu anayesema umeme umekatika. Zamani angepiga kelele moja pale bombani na jengo zima lingekuwa miguuni pake.

Emérence ni jirani yetu wa juu kabisa. Mjane, anauza vitenge soko la Wandegeya. Mumewe aliuawa mlangoni kwake kule Bukavu, na waliomuua bado wanakunywa bia mtaa uleule. Ndiyo maana yuko hapa. Hawezi kurudi kuzika.

Alhamisi, 9 Machi

Ameenda sokoni! Mtu aliyefiwa jana. Amepanga vitenge, ameuza, amerudi.

Nimepanda kumwona. Chumba kimoja: kitanda, jiko, mafurushi ya vitenge mpaka dirishani. Tukiwa wanne, wa tano anasimama mlangoni. Anayeingia anasema pole, anatazama nyuma, anaona wengine wanangoja kwenye ngazi, anatoka kuwapisha. Hakuna aliyeketi. Kwetu matanga si kusema pole. Matanga ni kukaa. Mfiwa anakaa chini mkekani, wanawake wanamzunguka, wanaume nje na moto wao, siku kadhaa, na katika kule kukaa ndipo kilio kinapotoka. Hakitoki kwa haraka. Hakitoki ukiwa unawaza nani umemziba njia.

Nimemwuliza kwa nini ameenda sokoni.

"Hapa hakuna mtu alikufa, Mwalimu," amesema, akinionyesha dirisha. "Angalia chini mule. Kuko matanga mule?"

Nimeangalia. Namba na mistari.

Kisha akaniambia jambo ambalo limeninyima hamu ya kula. Jumanne anapanda basi la Kigali, na kutoka hapo Bukavu. "Minaenda kukaa kwenye mkeka wa mama. Nisipokaa, hatakuwa amekufa. Nitakuwa namungojea kwenye simu."

Nikamkumbusha wale watu. Akasema anawajua kuliko mimi. Ana macho makavu kama changarawe.

Kwa hiyo ni hivi, najieleza mwenyewe kama darasani: akipata mahali pa kulia hapa, huenda akabaki. Asipopata, Jumanne anakwenda kwa wauaji wa mumewe. Na sisi tunaokosa mahali pa kumkalisha tuna uwanja mzima.

Ijumaa, 10 Machi

Nimekwenda Wandegeya kumwona Fadhul, mwenye nyumba. Aliirithi kwa baba yake. Ni kijana mwenye adabu — ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mkali. Amenipa kiti, ameniletea soda, ameniita mzee kila sentensi.

Nikaeleza. Akasikiliza vizuri.

"Mzee, mimi nimemkataza nani? Nionyeshe kibao."

Hakuna kibao, nikasema.

"Basi kaeni. Ila msizuie magari."

Magari ni matatu, nikasema. Akatabasamu. "Leo matatu. Ukishaweka namba, mzee, wenye magari wanakuja wenyewe. Nyumba huvuta watu wanaofanana nayo."

Hilo ni somo langu! Nimelirudia mbele ya watu wazima na watoto, na mwanafunzi pekee aliyelielewa ndiye huyu.

Nikarudi nimefurahi kidogo, mpaka getini. Ochan, mlinzi wetu, askari mstaafu wa Kitgum, amenisikiliza huku anatikisa kichwa.

"Mzee, 'kaeni' hiyo ameambia wewe. Mimi ameambia ingine. Gari akikuja akute nafasi wazi, na akikuta viti, mimi natoka hapa na godoro yangu."

Nikamwuliza kama kwao mtu hulia akiwa amesimama.

"Mimi hapana kataa matanga, mzee. Kwetu matanga ni ya kila mtu. Lakini wewe unalala juu. Mimi nalala hapa chini ya ngazi, kwa ruhusa yake."

Kila mtu amesema ndiyo, na jambo halijasogea hata inchi moja.

Jumamosi, 11 Machi

Tumejaribu ngazi. Wazo langu, na lilikuwa baya.

Annick aliwaita wanawake, wakaja wengi, Wakongo na hata wenyeji. Emérence akakalishwa kwenye ngazi ya juu, wengine wakajipanga chini yake. Matokeo: kila mmoja anatazama mgongo wa mwenzake. Wa chini kabisa hawakujua aliyefiwa yuko wapi. Akipita mtu na jerikeni, safu nzima inasimama, inabana ukuta, inakaa. Mwingine na godoro — inasimama tena. Baadaye hawakukaa tena. Wakabaki wamesimama wanazungumzia bei ya mkaa, na ukiwa umesimama unakumbuka ulichoacha jikoni.

Nikaanza kuwaeleza kwa nini hali iko hivyo. Zulaika, mke wa polisi wa chumba cha chini, akanikata.

"Mwalimu, wewe ni kama redio. Tunakusikia vizuri, lakini tunaendelea kupika."

Wamecheka. Hata Emérence amecheka kidogo, na hiyo imenitia hofu kuliko kama angenyamaza.

Jumapili, 12 Machi

Kanisa. Pasta Guerschom ametupa ukumbi wao kule Lubaga, ghorofa ya kwanza, baada ya ibada. Nimemshukuru sana. Sasa naomba nisiwe mtu asiye na shukrani — lakini.

Viti vimeunganishwa kwa chuma, safu kwa safu, vyote vinatazama mimbari. Emérence amewekwa mbele. Watu wengi sana, Mungu awabariki, na wote tumetazama kisogo chake. Palipo na mimbari atatokea mhubiri. Palipo na kipaza sauti mtu hataacha kukishika. Pasta alikuja kuomba kidogo tu. Akahubiri mpaka akatoa jasho. Nilijaribu kukaa upande ili niuone uso wa mfiwa. Mzee wa nyuma akanigusa bega: Papa, geuka mbele. Nikageuka mbele!

Tulipofika kwenye wimbo wa kwanza wa kilio, ule unaoanza chini kabisa, mlango ukafunguliwa. Kwaya ya kanisa jingine. Zamu yao ya ukumbi, na ngoma wameshika mikononi. Wakangoja kwa heshima. Ukiwa na watu wanaokungoja kwa heshima, huwezi kulia.

Njiani nikamwuliza Emérence ameonaje.

"Ibada ilikuwa nzuri," amesema. Kama mgeni anayesifu chakula alichoshindwa kumeza.

Mkoba wake tayari umefungwa. Nimeuona juu ya kitanda.

Jumatatu, 13 Machi

Asubuhi. Mvua imenyesha alfajiri, matofali yanang'aa. Basi ni kesho kabla ya jua.

Nimemkuta Zulaika anafagia kizingiti chake, nikaanza tena kumweleza: kwamba watu hawakosi huruma, ni kwamba hatuna mahali pa huruma kukaa, kwamba mistari hii —

Akasimamisha ufagio. "Mwalimu, kila siku unatufundisha kwa nini tumekaa vibaya. Mimi nina viti. Wewe una viti. Toa kiti."

Nikamwambia habari ya Ochan na godoro lake. Hilo hakulitegemea. Akafikiri. Akasema atamwambia mumewe azungumze na Fadhul kama mwanaume kwa mwanaume, na kama Ochan atafukuzwa, stoo yao iko wazi. Sijui kama mumewe amekubali haya. Nadhani hajaambiwa.

Saa kumi na moja jioni. Viti vimeshuka. Nimeona jambo ambalo nisingeliamini kama ningesimuliwa. Hakuna aliyepanga chochote, lakini kila aliyeleta kiti alikiweka katikati ya nafasi yenye namba. Kiti kimoja, nafasi moja. Wote wakakaa wanatazama ukuta, kwa safu, kama magari.

Nikasema, sogeeni, jamani, fanyeni duara. Wakasogea mpaka kwenye mstari mweupe, wakaishia hapo. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote na sijawahi kuchoka kama nilivyochoka dakika ile.

Zulaika hakueleza neno. Alikwenda ndani, akatoka na mkeka mpana, akautupa juu ya mistari miwili kwa mpigo. Kisha akapiga kelele kuelekea ghorofa ya juu: "Mama! Shuka! Mkeka wako uko hapa!"

Emérence ameshuka na mkoba wake wa safari mkononi. Sijui kwa nini alishuka nao. Alisimama ngazi ya mwisho muda mrefu, anatazama. Zulaika akamshika mkono. Akapita katikati ya uwanja — mtu wa kwanza kupita katikati tangu wajenzi waondoke — akakaa chini, miguu ameinyoosha, mkoba kando ya goti. Wanawake wakaacha viti wakamfuata. Mistari haikuonekana tena, ilikuwa chini ya makalio na khanga. Annick akaanza ule wimbo. Safari hii hakuna mlango uliofunguliwa.

Emérence akasema, "Mama." Kwa sauti ndogo, kama anayebisha hodi. Akarudia. Mara ya tatu haikuwa sauti ndogo.

Sijawahi kufurahi kusikia mtu akilia. Leo nimefurahi. Nimechukua daftari kuandika hili nikiwa hapa hapa nimekaa.

Saa moja na nusu usiku. Honi getini. Fadhul. Leo hii, saa hii! Ochan amenitazama, nikamtazama. Hakufungua mara ya kwanza. Honi ya pili amefungua.

Taa za gari zimezunguka ukuta zikatufikia. Na sisi tumesimama. Wote, kwa pamoja, bila kuambiwa. Kila mtu na kiti chake mkononi, mpaka ukutani, kwenye mawe yale. Zulaika naye, na aibu usoni. Wimbo umekatika katikati ya neno.

Mimi pia. Naandika nimesimama, daftari juu ya kiegemeo cha kiti. Taa za gari zinanitosha.

Gari limesimama, magurudumu ya mbele yako karibu na mkeka. Injini inanguruma. Ochan hakurudi kwenye stuli yake. Amesimama kati ya gari na mkeka, mikono nyuma kama jeshini. Fadhul amefungua mlango na kuweka mguu mmoja chini. Anatutazama sisi, si Emérence. Anangoja mmoja wetu aseme.

Emérence hajainuka. Hajajua kwamba tumeinuka. Amefumba macho, anamwita mama yake kwa jina la utotoni, na mkono wake mmoja unapapasa mkeka, unatafuta aliyekuwa amekaa hapo. Mkono mwingine uko juu ya mkoba.

Akifumbua macho sasa atatukuta ukutani.