Nyasi za Kukamulia Ndizi

Mama yangu,

Imekubali! Naanza na hilo kwa sababu najua usingenivumilia nizungukezunguke. Divai ya ndizi imekubali, na Mama mkubwa Furaha, dada yako, ameinywa hapa uani kwetu Nyamianda bila kukunja uso.

Unakumbuka tulivyogombana. Nilirudi kutoka mafunzoni Bukavu na pipa la plastiki, hamira ya dukani na mrija wa kutoa hewa bila kuingiza nzi, nikakuambia mtungi wako ni mchafu. Kweli, kasiksi yako, ile pombe ya ndizi, ilikuwa ikichacha siku ya nne, tunaimwaga. Lakini nilizicheka hata nyasi zako za kukamulia. Ndizi za mlimani ulizikamua kwa nyasi za mlimani, za Kamanyola kwa nyasi za Kamanyola, na aliyezichanganya ulimfukuza. Mimi nikanunua kitambaa cheupe. Ukaniambia, "Weye utaosha hii pombe mpaka isahau kwao." Nikakujibu kwa jeuri. Wiki tatu baadaye ukafariki, na sikuwa nimekuomba msamaha.

Mwaka mzima nilikamua kwa kitambaa. Divai ilikuwa safi, haichachi, na haina lolote. Ya mlimani na ya Kamanyola, ladha moja. Wewe ulikuwa unalamba kijiko tu, unataja shamba! Nikajiambia basi, kazi ya mama yangu nimeiua kwa mikono yangu.

Mwezi uliopita nikapanda mlimani mwenyewe. Nikakata nyasi chini ya migomba ileile, nikakamua kama ulivyonifundisha, nikatia unga wa mtama wa kukaanga. Hamira ya dukani nikaiacha kwenye pakiti yake. Lakini pipa nililiosha kwa maji ya moto, na mrija wa hewa nikaupachika. Hapo sikukusikiliza, Mama, unisamehe. Pipa la pili nikalifanya vivyo hivyo, kwa ndizi na nyasi za Kamanyola.

Jana, baada ya wiki tatu, nikampa Mama mkubwa vikombe viwili, sikumwambia kitu. Akaonja. Akaonja cha pili. Kisha akasema, "Hii iko ya kwetu ku mulima. Ile ingine iko ya Kamanyola. Nani amekufundisha?"

Nani mwingine, Mama? Nililia mbele yake kwa raha, hata kamasi sikufuta. Kumbe ladha ya shamba ilikuwa inaingia na zile nyasi, nami nilikuwa naizuia mlangoni. Ulikuwa na haki. Mimi pia nilikuwa nayo kidogo, usikatae, maana leo bado haijachacha.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata Mama mkubwa halijui. Tangu tukuzike sijafika kaburini kwako. Wengine walikwenda kupalilia, mimi nikasingizia kazi. Nilikuwa naona haya kusimama pale.

Jumapili hii nakuja, Mama, na nitakaa mpaka jua lizame. Pumzika.

Binti yako,
Neema