Maombi Niliyoyaacha Yapite

Kwako Baba Ndanu,

Uvoo waku, habari yako? Natumaini wewe na Ndanu mmeamka salama, na kile kifua chake kimetulia. Mama yetu, mwaitu, huko Matiliku anaendeleaje na goti lake? Uliniambia ndengu zilitoa maua kisha mvua ikakata. Kila nikikanyaga theluji hapa nawaza maji yote haya na lile shamba la mwaitu, halafu nakasirika na sijui namkasirikia nani. Mimi mwili uko sawa. Nakula, kazini naenda. Lakini roho haijatulia kwa wiki tatu sasa, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu.

Simu yetu unaijua. Nikisema maneno mawili Ndanu anaichukua, lori linapita, mwenye tairi anakuita, mtandao unakatika. Jambo hili halifai kusemwa vipande vipande. Kuna dada mmoja wa Makindu ambaye ni muuguzi hapa Wroclaw. Anasafiri kuja nyumbani Jumatano na amekubali kushuka Kambu akupe bahasha hii mkononi. Isome yote kabla hujanipigia. Nilianza kuiandika jikoni, nikasimama, nikahamia kwenye chumba cha kufulia nguo, na sasa niko kwenye benchi ya kituo cha tramu nikiwa na glavu moja. Ukiona mwandiko umeharibika, ni baridi.

Tangu nije huku umekuwa ukiniuliza kazi yangu hasa ni nini, na mimi nimekuwa nikikujibu "kompyuta" ili tuongee mengine. Leo lazima nikueleze, la sivyo hutaelewa nilichofanya.

Mtu akihifadhi faili, faili ile haiendi kwenye diski ikiwa nzima. Inakatwa vipande, na kila kipande kinateremshwa na ombi lake: weka hiki kwenye nafasi namba fulani. Maombi hayo yanapita ndani kabisa ya mfumo, mahali ambapo mwenye kompyuta hapaoni, sisi tunapaita kernel. Programu yangu imekaa hapo, juu kidogo tu ya diski, na hakuna ombi linalofika chini bila kupita kwake. Kampuni yetu inauza mfumo wa kuhifadhi nakala, ili mashine ikifa kazi ya watu isife nayo. Sasa, kunakili diski kubwa kunachukua masaa, na watu hawawezi kuacha kazi wakingoja. Kwa hiyo nakala ikishaanza, likija ombi la kuandika juu ya nafasi ambayo haijanakiliwa bado, programu yangu inalishika, inatoa kwanza kile cha zamani kilichokuwa pale na kukiweka kando, ndipo inaliachilia liende. Hivyo nakala inatoka vile diski ilivyokuwa ile dakika ya kuanza. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nimeifanya miaka miwili, na nilikuwa najivunia.

Marek unamkumbuka. Ndiye yule mzee niliyekuonyesha kwenye picha, mwenye miwani iliyofungwa na uzi. Yeye aliandika sehemu ya upande wa pili, ile inayochukua nakala na kurudisha kila kitu mahali pake mashine ikiharibika. Nilipofika hapa nikiwa sijui hata kutembea juu ya barafu, yeye ndiye alinionyesha niweke mguu wote chini, nisikanyage kwa kisigino. Amekuwa akila chakula cha mchana na mimi kila siku, na kila Jumatatu anauliza Ndanu amejifunza nini shuleni.

Wiki tatu zilizopita, kliniki moja ya akina mama wajawazito katika nchi jirani iliharibikiwa na diski. Wakarudisha nakala kwa mfumo wetu. Mashine ikawaka, majina yakaonekana, kila mtu akashukuru. Kisha wakaanza kufungua rekodi za wagonjwa na kukuta nyingine ni tupu. Faili iko, jina liko, ndani ni sifuri mwanzo hadi mwisho. Majibu ya damu, presha, vipimo vya mtoto, vyote hakuna. Ilibidi wawaite wale akina mama warudi watolewe damu tena, wengine wakiwa karibu kujifungua, na wapo waliotoka mbali.

Niliposikia hivyo nilikumbuka ile siku nilipokuwa na mimba ya Ndanu, tukafika kliniki bila kadi, na wewe ukaendesha pikipiki kurudi Matiliku kuichukua huku mimi nimekaa kwenye benchi nikitapika.

Wote ofisini waliona kosa liko upande wa Marek, kwa sababu shida ilionekana wakati wa kurudisha. Ewa, ambaye ndiye mkubwa wetu, hakumfokea. Alimwomba tu aache kazi nyingine zote, na akaweka watu wawili wapitie kila mstari aliouandika. Hawakupata kitu. Marek akawa anakaa mbele ya kioo bila kugusa kibodi. Akasema labda ameandika kitu ambacho yeye mwenyewe haelewi tena.

Mimi nikajitolea kumsaidia. Huo ndio ukweli, nilianza nikitaka kumsaidia. Alhamisi asubuhi nilichukua faili zilizoharibika nikaangalia zile sifuri zinaanzia wapi na kuishia wapi. Hazikuwa zimetawanyika. Zilikuwa za mkupuo mmoja, zikianza na kuisha sawasawa kwenye mipaka ya nafasi za diski, kama zilizosafishwa kwa amri, na hapo nikafungua programu yangu mwenyewe.

Kuna ombi la aina nyingine ambalo sijakueleza. Faili ikifutwa, mfumo unaiambia diski: nafasi hizi hazina kazi tena, zisafishe. Hilo si ombi la kuandika. Na mimi, miaka miwili iliyopita, niliambia programu ishike maombi ya kuandika tu. Yale ya kusafisha niliyaacha yapite. Niliandika pembeni kwamba nitayashughulikia baadaye, kisha nikapewa kazi nyingine na sikurudi. Ile kliniki mfumo wao ulikuwa ukiandika faili mpya na kufuta ya zamani kila rekodi inapobadilishwa. Nakala ilipokuwa ikiendelea, faili za zamani zilisafishwa kabla hazijanakiliwa, na programu yangu ilikuwa pale ikitazama tu.

Nilijaribu kwenye mashine yangu. Nikaanza nakala, nikafuta faili, nikarudisha. Sifuri. Nikarudia mara tatu. Halafu nilivaa koti, nikatembea hadi mtoni na kurudi, na niliporudi Marek aliniuliza kama nimeona chochote.

Nikamwambia bado.

Baba Ndanu, nakuomba usome hapa polepole. Jioni hiyo ulinipigia simu. Uliniambia Ndanu amemwambia kila mtu Kambu kwamba anaenda kuishi na mama, hadi madereva wa malori wanajua. Ukasema yule fundi wa Mukuyuni amekubali kuchukua kibanda cha panchari mwezi ujao, na umeshamwonyesha kompresa na jeki. Ulikuwa na furaha ambayo sijaisikia kwa sauti yako tangu niondoke. Na karatasi zenu za kuja huku zinategemea mkataba wangu mpya, ule ambao Ewa alikuwa asaini mwezi huu. Nikakata simu nikijua kwamba nikinyamaza, hakuna atakayejua. Ningeweza kurekebisha ile sehemu kimya kimya na kuiingiza pamoja na mabadiliko mengine. Nilianza hata kuiandika.

Sikusemi wewe. Hukujua. Nakwambia tu kwamba nilinyamaza siku tano, na katika siku hizo nilikuwa nikijiambia ni kwa ajili yenu. Jumamosi nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Jumapili nilizunguka mtaa mpaka mwenye duka la mkate akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Jumanne mchana nilimkuta Marek kwenye meza yetu ya chakula. Alikuwa hajafungua mkebe wake. Nikakaa, nikamwambia, "Marek, kosa ni langu. Sikushika maombi ya kusafisha."

Alifikiri kidogo tu. Huyu ni mtu aliyefanya kazi hii kabla mimi sijaanza shule, hakuhitaji maelezo. Nikaona mabega yake yanashuka kama mtu aliyetua mzigo. Kisha akaniangalia.

"Umejua tangu lini?"

Ningeweza kusema asubuhi ile. Nikasema, "Tangu Alhamisi."

Akavua miwani. "Jumamosi," akasema, "nilimwambia mke wangu kwamba akili yangu imeanza kuniacha. Tulilia pamoja. Ameshanitafutia daktari."

Alichukua mkebe wake akasimama, na mimi nikamfuata hadi kwa Ewa, nikaeleza yote, pamoja na zile siku tano. Nilionyesha jaribio langu. Ewa aliuliza maswali mengi na hakupandisha sauti hata mara moja, jambo lililoniumiza zaidi. Mchana huo huo waliwaandikia wateja wote. Tukafanya kazi siku nne mfululizo, mimi na Marek kwenye mashine moja, na sasa programu inashika ombi la kusafisha jinsi inavyoshika lile la kuandika: inatoa cha zamani kwanza, ndipo inaliachilia. Marek aliandika majaribio mwenyewe na kuyarudia hadi akaridhika. Kwenye ile kliniki baadhi ya majibu yalipatikana kwenye karatasi za maabara. Mengine yamepotea kabisa. Hakuna mama aliyedhurika, wanasema, ila wamechomwa sindano mara mbili na kuogopeshwa.

Sijafukuzwa. Lakini mkataba mpya hautasainiwa mwezi huu. Ewa ameniambia wazi kwamba watanitazama kwanza, na hawezi kuniahidi ni hadi lini. Bila mkataba huo karatasi zenu haziwezi kupelekwa. Kwa hiyo usimpe yule fundi kibanda. Ongea naye leo kama unaweza, kabla hajaacha kazi yake ya Mukuyuni. Mwambie kwamba mkeo ndiye amechelewesha, usijilaumu mbele yake.

Na Marek? Ananisalimu. Tukiwa na kazi ananieleza kwa uangalifu kama zamani. Lakini chakula anakula na wengine, na Jumatatu iliyopita hakuuliza Ndanu amejifunza nini. Naendelea kukaa kwenye ile meza. Sijui kama ni ujinga.

Nimejiuliza mara nyingi kama ningesema Alhamisi ile ile ingekuwaje. Mkataba pengine ungesimama vile vile. Lakini yule mzee asingelia na mke wake Jumamosi. Hiyo siwezi kuirekebisha kwa kuandika mistari mipya, na ndiyo inayoninyima utulivu kuliko mkataba.

Ukiwa na hasira nami, usinyamaze. Kasirika kwenye simu nikusikie, hata lori likipita.

Msalimie mwaitu, mwambie asipande tena kile kilima na ndoo mpaka goti lipone. Msalimie dada yako mkubwa na mume wake. Msalimie jirani yetu Mama Halima wa duka, na umshukuru kwa kumkalisha Ndanu anapotoka shule. Dawa ya kifua aliyoniagiza nimempa huyu dada wa Makindu ailete. Wasalimie pia vijana wako wa panchari.

Ndanu usimwambie bado kwamba safari imeahirishwa. Simaanishi tumfiche. Jumapili mkitoka kanisani nipigie na umpe simu, nitamwambia mwenyewe kwamba haji mwezi ujao, na kwamba sababu ni mimi. Mara hii nataka asikie kutoka kwangu, na asikie mapema.

Ni mimi mkeo, nikiwa bado kwenye benchi, tramu ya tatu imepita,

Mama Ndanu