Sombe Nilitwanga Nyuma ya Chumba ya Kahindo

Leo siku ya posho, jumamosi, hapa Butembo. Mvua ya jana imekatika, lakini baridi yake iko bado mu magoti yangu. Na mu roho pia. Niandike tu. Siko mutu ya kalamu, niliachaka masomo mu primaire ya tatu, lakini kusema ukweli haiombake diplôme.

Mujukuu wangu Kahindo, mwenye ananiita koko, anasoma fizike ku université. Tangu mavuno ya maharagi, chumba ya pembeni ya jikoni haiko tena ya viazi, iko ya mashini. Alinunua kwa fundi ya télé projecteur iliyokufa, mashini ya kurusha picha ku ukuta, akaifungua, akatoa ndani kioo kidogo kama kucha ya kidole gumba. Anasema mu kile kioo muko kitu haiko maji, haiko jiwe, banaita cristaux liquides. Anachora ku ordinateur, kompyuta yake, kioo kinavaa ile picha, na mwangaza wa laser ukipita pale unageuka vile alichora. Unakazika mpaka unakuwa ncha ya sindano. Na ile ncha inakamata.

Nilicheka. Mwangaza unakamata nini, mbu?

Akanionyesha. Ku écran ya kompyuta, kamera ikikuza, mu tone ya maji kulikuwa kapunje ka kioo ya kawaida, jicho tupu haiwezi kukaona. Kalikuwa kanatetemeka, kisha kakatulia. Akasogeza mwangaza, kakafwata kama mbuzi ku kamba. Bila mukono! Nikasogeza kiti nione tena.

Lakini ile kitu inaogopa mutikisiko. Kahindo aliweka miguu ya meza juu ya chambre à air, mipira ya ndani ya tairi za pikipiki, na bado camion ikipita ku barabara, kapunje kanakimbia. Kinu yangu ya kutwangia sombe, majani ya muhogo, ni mbaya kupita camion.

Jana mwalimu wake alikuya kutoka Beni, kuangalia kama atamukubalia ile kazi ikuwe mémoire yake ya kumaliza masomo. Asubuhi, mbele ya mama jirani, Kahindo akaniambia:

— Koko, tafazali, leo kinu ipumzike. Ama uende kutwangia kwa jirani.

Jirani akacheka:

— Ee! Banakufukuza mu nyumba yako!

— Nani alikulisha sombe mpaka ukajua fizike? nikamuuliza Kahindo.

Kisha nikasema sawa, ninaenda.

Sikuenda.

Nilibeba kinu nyuma ya ile chumba, chini ya mabati. Mvua ilikuwa inapiga kwa nguvu, hakuna mutu angesikia. Kupitia tundu ya mbao niliona kapunje kamekamatwa, mwalimu ameinama ku écran. Nikatwanga. Pigo moja, kakakimbia. Kahindo akakakamata tena. Nikatwanga tena. Mara ngapi? Sikuhesabu. Mukono ya kiburi haichokake.

Mwalimu alimwambia polepole, ati kioo chake kimechoka, atafute kazi ingine ya mu vitabu. Akavaa imperméable, koti yake ya mvua, akapanda pikipiki, akarudi.

Jioni Kahindo alikula ile sombe. Akasema iko muzuri, koko.

Mimi nikarudisha yangu mu sufuria.

Sasa niko namusikia anafungua visi za mashini, moja moja. Anasema kioo kilimudanganya, na kichwa yake pia. Anamurudishia fundi ya télé vitu vyote, atakuya kuvichukua saa sita. Mutoto anajilaumu kwa kosa yangu, na mimi nimekaa na telefone kama mujinga, naandikia batu sibajue. Mimi mwenye nilipigaka mama yake fimbo juu ya uongo!

Banasemaka kesho ni siku ingine. Ya nani? Kesho kioo itakuwa kwa fundi. Hapana. Ninasimama sasa hivi. Nitamwambia mbele ya yule yule jirani, kisha apigie mwalimu wake simu, na mimi mwenyewe nitaongea naye.

Akinichukia, anichukie kioo chake kikiwa mu mukono.